Upasuaji wa Kupunguza Uzito na Hatari ya Mwaka wa Tatu

Wanaofikiria kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito hukutana na habari mbili zisizopatana. Ya kwanza huja kwa picha mbili zilizobandikwa pamoja, ya kabla na ya baada: mtu aliyekuwa akihema kwa kupanda ngazi sasa anatabasamu ndani ya nguo mpya, sukari imeshuka, presha imetulia. Ya pili husemwa kwa kunong'ona: kwamba aliyekatwa tumbo hubadilika tabia, huanza pombe, ndoa yake huvunjika, na wengine hufikia kujitoa uhai. Zote mbili zina ushahidi wake. Anayesikia ya kwanza tu huingia chumba cha upasuaji bila kujua kinachoweza kumfuata. Anayesikia ya pili tu huikimbia tiba ambayo huenda ingemwongezea miaka.

Afrika Mashariki swali hili si la mbali tena. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, imekuwa ikiwawekea wagonjwa puto tumboni. Hospitali binafsi za Nairobi hufanya upasuaji wenyewe, na wapo wanaopanda ndege kwenda India, wakafanyiwa huko na kurudi nyumbani kidonda kikiwa bado kibichi. Lakini tafiti kubwa zilizowafuata wagonjwa kwa miaka mingi zimefanyika Marekani, Kanada na Sweden, na ndiko inakobidi tuanzie.

Upasuaji upi hasa?

Mkanganyiko mwingi huanzia kwenye jina. Kunyonya mafuta chini ya ngozi si tiba ya unene uliokithiri. Ni urembo, na hakubadilishi namna mwili unavyopokea chakula. Puto huwekwa kwa miezi kadhaa, kisha hutolewa. Upasuaji unaozungumziwa hapa ni ule unaobadilisha njia ya chakula moja kwa moja, na una sura mbili kuu. Katika wa kwanza, daktari hukata na kuondoa karibu robo tatu au zaidi ya mfuko wa tumbo, ukabaki mrija mwembamba. Katika wa pili hutengenezwa kifuko kidogo juu ya tumbo, kikaunganishwa na utumbo mwembamba mbele zaidi, ili chakula kiruke sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Huu wa pili tuuite upasuaji wa njia ya mkato. Tofauti hii ina uzito, kwa sababu takwimu nyingi za hatari za muda mrefu zinatokana na njia ya mkato, ilhali leo unaofanywa zaidi duniani ni ule wa kukata mfuko.

Walengwa pia wameongezeka. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 1991 uliwaruhusu wenye uwiano wa uzito na urefu wa 40 na kuendelea, au 35 ikiwa wana maradhi yanayoambatana na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa fani hii vilishusha kizingiti hadi 35 hata bila maradhi, na 30 kwa wenye maradhi kama kisukari. Lango likipanuka, hata hatari ndogo huwagusa watu wengi.

Takwimu zinasema nini

Mwaka 2007 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa jimbo la Utah uliowalinganisha watu 7,925 waliofanyiwa njia ya mkato na wengine 7,925 wenye unene kama wao ambao hawakufanyiwa. Vifo kwa jumla vilipungua kwa asilimia 40. Vifo vitokanavyo na kisukari vilipungua kwa asilimia 92. Lakini vifo visivyotokana na ugonjwa, yaani ajali, kujiua na mfano wa hivyo, viliongezeka kwa asilimia 58.

Asilimia hizo zikiachwa zenyewe hutisha au hufariji kuliko zinavyostahili. Zikigeuzwa kuwa watu, picha ni hii: katika kila watu 10,000 wasiofanyiwa upasuaji, walikufa kama 57 kwa mwaka, kwa waliofanyiwa walikufa kama 38. Ndani ya hesabu hizo, vifo visivyo vya ugonjwa vilikuwa kama 6 upande wa kwanza na 11 upande wa pili. Kwa hiyo watu watano wa ziada walipotea kwa njia ambayo upasuaji haukukusudia, na hata baada ya kuwahesabu hao, 19 zaidi walikuwa hai. Anayenukuu ile asilimia 58 peke yake anawatisha watu isivyo haki. Anayenukuu ile 40 peke yake anawaficha wale watano.

Tafiti zilizofuata ziliwatazama watano hao kwa karibu. Jimboni Pennsylvania, kati ya wagonjwa 16,683 waliofanyiwa upasuaji kuanzia 1995 hadi 2004, watu 31 walijiua, na karibu asilimia 70 ya vifo hivyo vilitokea ndani ya miaka mitatu ya mwanzo. Huko Ontario, Kanada, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 8,815 kwa miaka mitatu kabla na miaka mitatu baada ya upasuaji. Matukio ya kujidhuru yaliyofikishwa hospitalini kwa dharura yalipanda kwa takriban nusu, kutoka 2.3 hadi 3.6 kwa kila wagonjwa 1,000 kwa mwaka. Nchini Sweden, utafiti ulioanza mwaka 1987 uliwalinganisha wagonjwa 2,010 waliofanyiwa upasuaji na 2,037 waliopewa matibabu ya kawaida. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2018 ulikuta kujiua na kujidhuru kukiwa karibu mara 1.8 zaidi kwa waliofanyiwa.

Wakati huohuo, sonona hupungua kwa wagonjwa wengi katika miezi na mwaka wa kwanza. Mtu halali tena akikosa pumzi, magoti hayamuumi, anacheza na watoto wake. Nafuu hiyo ni ya kweli na hakuna sababu ya kuibeza. Lakini ni wastani wa kundi, na wastani unaweza kupanda huku watu wachache ndani yake wakizama.

Je, walikuwa wagonjwa tangu awali?

Maelezo ya kwanza, yanayopendwa na madaktari wa upasuaji, ni kwamba kisu hakina kosa. Wanaokifikia wamekwisha kuumia. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 yalikadiria kwamba asilimia 19 ya wanaoomba upasuaji huu wana sonona na asilimia 17 wana tatizo la kula kwa pupa wasiloweza kulizuia. Wengi wamebeba miaka ya kudharauliwa kazini, kutaniwa shuleni, kukaripiwa na wahudumu wa afya. Baadhi walidhulumiwa utotoni. Kule Ontario, asilimia 93 ya matukio ya kujidhuru yaliwahusu watu waliokuwa wamepata kutibiwa ugonjwa wa akili ndani ya miaka mitano kabla ya upasuaji.

Hoja hii ina nguvu kubwa katika kueleza ni nani yuko hatarini. Udhaifu wake ni kwamba haielezi ongezeko. Utafiti wa Ontario haukuwalinganisha wagonjwa na watu wengine, bali kila mgonjwa na nafsi yake ya jana. Maumivu ya utotoni yalikuwepo kabla na baada, ila matukio yakaongezeka baada. Sweden nayo iliwalinganisha na watu wenye unene kama wao. Ukitaka kuitetea hoja hii hadi mwisho, itakubidi useme kwamba watu hao wangeharibikiwa miaka hiyohiyo hata bila upasuaji, na hilo takwimu hazilibebi vizuri.

Mwili uliobadilishiwa njia

Maelezo ya pili yanatoka kwenye mwili wenyewe, na ndiyo yanayosahaulika zaidi, ingawa ndiyo rahisi kuyafanyia kazi.

Tuanze na pombe. Tumbo likiwa dogo au likirukwa, pombe huwahi kwenye utumbo na kuingia damuni haraka na kwa wingi. Katika utafiti mmoja wa wanawake waliofanyiwa njia ya mkato, vinywaji viwili vilitoa kiwango cha pombe damuni kinachokaribia kile cha vinywaji vinne. Mnywaji anadhani anakunywa kama zamani, kumbe ubongo unapokea maradufu, na uraibu hujengwa juu ya wepesi huo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2012 uliohusisha watu 1,945 ulikuta matatizo ya pombe kwa asilimia 7.6 mwaka mmoja kabla ya upasuaji, asilimia 7.3 mwaka wa kwanza baada yake, kisha asilimia 9.6 mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza hauonyeshi kitu. Daktari aliyefunga faili mwishoni mwa mwaka huo angeapa kwamba hakuna tatizo.

Kisha kuna dawa. Baadhi ya dawa za sonona hupungua damuni baada ya njia ya mkato kwa sababu sehemu zilizokuwa zikizifyonza zimerukwa, na vidonge vilivyotengenezwa vitoe dawa polepole huweza kupita kabla ya kumaliza kazi. Mgonjwa anameza kila siku bila kukosa na ugonjwa unarudi. Familia inasema ameshindwa kujikaza. Lithiumu ina hatari ya kinyume: mwili ukikosa maji, kama inavyotokea sana wiki za mwanzo, dawa huweza kujaa damuni hadi kuwa sumu. Hakuna anayepaswa kuacha au kubadili dawa hizi mwenyewe, ila kila anayezitumia anapaswa kupimwa upya.

Vitamini nazo huathiri akili moja kwa moja. Upungufu wa B12 hujificha kwa muda mrefu kwa kuwa ini lina akiba yake. Ukijitokeza huleta usahaulifu, ganzi na huzuni isiyo na sababu. Upungufu wa B1 hauna subira hiyo. Mtu anayetapika mfululizo kwa wiki kadhaa baada ya upasuaji, kisha akaanza kuchanganyikiwa, kuyumba akitembea na macho kutotulia, yuko kwenye dharura ya hospitali na anahitaji vitamini hiyo kwa sindano haraka, kabla ubongo haujapata jeraha la kudumu. Nasisitiza hili kwa sababu kwetu dalili hizo hupewa upesi tafsiri ya majini au kurogwa, na saa za thamani hupotelea njiani kwenda kwa mganga.

Mwisho ni sukari inayoshuka ghafla baada ya kula, jambo linalotokea kwa baadhi yao hasa baada ya mwaka mmoja na zaidi. Jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio: mgonjwa na hata daktari wanaweza kudhani ni wasiwasi, kumbe kipimo cha kidoleni kingetosha kuonyesha kilichopo.

Udhaifu wa maelezo haya ni kwamba hayatoshi. Watu wengi wana B12 ya kawaida, hawanywi pombe, na bado wanazama.

Maisha yanayobaki yaleyale, na yale yanayobadilika

Maelezo ya tatu yanahusu matarajio. Mtu aliyeamini kwa miaka ishirini kwamba unene ndio uliomnyima ndoa, kazi na heshima huja kugundua, kilo hamsini zikiwa zimeondoka, kwamba mengine hayakuwa ya unene. Ngozi inaning'inia. Anaowapenda hawakubadilika. Chakula kilichokuwa kikimtuliza usiku wa upweke hakiingii tena, na hakuna kilichowekwa mahali pake. Kuanzia mwaka wa pili uzito mara nyingi huanza kurudi kidogo, na kwa aliyehesabu upasuaji kuwa nafasi yake ya mwisho, kila kilo huonekana kama hukumu.

Ndoa nazo hutikisika. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta waliofanyiwa upasuaji wakiachana na wenzi wao zaidi, na waliokuwa peke yao wakipata wenzi zaidi. Mtu akipata nguvu na kujiamini, uhusiano uliosimama juu ya udhaifu wake hupoteza mguu mmoja. Kwa mwanamke aliyekuwa akinyanyaswa, kuachana huko kwaweza kuwa ndiyo afya yenyewe, kwa hiyo si kila talaka iandikwe upande wa hasara.

Maelezo haya yana mvuto kwa kuwa kila mtu anayaelewa. Hata hivyo, takwimu za Sweden za 2018 hazikuonyesha kwamba waliojidhuru walikuwa wamepungua uzito kidogo kuliko wenzao katika miaka miwili ya mwanzo. Kwa hiyo kushindwa kukonda peke yake hakuelezi kilichowapata. Aliyefanikiwa kwenye mizani anaweza kuwa yeye ndiye anayeumia, na hilo humfanya asisikilizwe, maana kila anayemwona anampongeza.

Kwetu kuna mzigo mwingine ambao tafiti za Sweden haziwezi kuupima. Katika jamii nyingi za pwani na bara, mwili mnene umekuwa dalili ya kutunzwa vizuri; mke akinawiri, mume husifiwa. Kukonda kwa kasi hutafsiriwa vingine. Tangu miaka ya janga la UKIMWI, anayepungua kilo thelathini kwa miezi sita husikia minong'ono nyuma yake: yule amekwisha, yule anaumwa. Wengi huamua kuficha upasuaji ili wasihukumiwe kwa "kununua wembamba", na kwa kuuficha hukosa jibu la kuwapa wanaowadhania maradhi. Harusini anakula vijiko vitatu vya pilau na mwenyeji anaona amedharauliwa. Anayebeba siri hii hawezi kumwambia mtu siku akilemewa kwamba chanzo kinaweza kuwa upasuaji, kwa sababu hakuna anayejua kwamba ulifanyika.

Sheria nayo haijasaidia kila mahali. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu kinachomwadhibu mtu aliyejaribu kujiua kinakiuka katiba. Lakini Tanzania, Kanuni ya Adhabu imekuwa ikilihesabu jaribio hilo kuwa kosa la jinai. Ni vigumu kumtaka mgonjwa aseme ukweli kliniki wakati ukweli huo unaweza kumpeleka polisi.

Kuzuia mlangoni au kufuatana njiani?

Hapa ndipo wataalamu wanapovutana hasa. Kundi moja linataka uchunguzi mkali wa akili kabla ya upasuaji, na wenye sonona, historia ya kujidhuru au kula kwa pupa wazuiwe. Linaonekana la busara: hospitali inajilinda, na mtu dhaifu haongezewi mzigo. Ni kweli pia kwamba zipo hali zinazotaka kusubiri, kama saikosisi isiyotibiwa, uraibu unaoendelea, au jaribio la kujiua la karibuni.

Tatizo ni kwamba lango kali lina gharama mbili. Kwanza linawanyima tiba watu ambao unene utawaua mapema kuliko sonona yao. Mapitio yaleyale ya 2016 hayakupata ushahidi thabiti kwamba kuwa na ugonjwa wa akili kabla ya upasuaji kunapunguza mafanikio ya uzito. Pili, na kwangu hili ni zito zaidi, linamfundisha mgonjwa kudanganya. Akijua kwamba jibu la kweli litamfungia mlango, atasema analala vizuri, hanywi, hana mawazo mabaya. Siri hiyo anaingia nayo na kutoka nayo, na baadaye hawezi kuirudia bila kukiri kwamba alidanganya.

Kundi la pili linataka mlango uwe wazi zaidi lakini mgonjwa asiachwe. Mwongozo wa afya wa Uingereza, kwa mfano, unataka huduma ya ufuatiliaji katika kitengo cha upasuaji isipungue miaka miwili. Udhaifu wa msimamo huu ni fedha na watu. Madaktari wa magonjwa ya akili ni wachache Afrika Mashariki na wengi wako miji mikubwa. Wagonjwa nao huacha kuhudhuria wakijisikia vizuri, na wengine huacha kwa aibu kilo zikirudi. Aliyefanyiwa India hana hata kliniki ya kurudia: daktari wa nyumbani hana faili lake, na pengine hajui utumbo wake umeunganishwaje.

Mizani

Tukiweka maelezo yote matatu kwenye kalenda moja, yanaelekea mahali pamoja. Pombe huanza kuonekana mwaka wa pili. Uzito huanza kurudi mwaka wa pili. B12 huisha akiba baada ya miaka. Kule Pennsylvania sehemu kubwa ya vifo vya kujiua iliangukia ndani ya miaka mitatu. Uchunguzi wetu wa akili, tunapoufanya, tunaumaliza kabla ya siku ya kwanza, na uangalizi wa karibu huisha mwaka wa kwanza, wakati mgonjwa yuko kwenye furaha yake. Tunalinda nyumba mchana na kulala usiku.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba upasuaji huu una faida inayozidi hatari zake kwa mtu mwenye unene uliokithiri na maradhi, na kwamba kuwazuia wenye sonona inayotibiwa ni kosa. Ila saa chache za mwanasaikolojia tulizo nazo zimewekwa mahali pasipo. Mahojiano ya mwanzo yawe mafupi na ya kirafiki, lengo lake kujua nani afuatwe kwa karibu, na mgonjwa aambiwe hivyo waziwazi ili asiwe na sababu ya kuficha. Saa zilizobaki zihamishiwe mwezi wa 12, wa 24 na wa 36. Muuguzi aliyefundishwa anaweza kuuliza kwa simu kuhusu usingizi, pombe, kutapika na mawazo ya kujidhuru, na kumwita daktari pale tu jibu linapotisha. Kazi hiyo haihitaji bingwa kila mara. Gharama ya miaka hiyo mitatu iingizwe kwenye bei inayotajwa siku ya kwanza, hata kama itawafanya wachache waahirishe. Mtu asiyeweza kuimudu leo ni heri asubiri kuliko kufanyiwa na kuachwa.

Gharama ya pendekezo hili siifichi. Hospitali itahudumia wagonjwa wachache kwa fedha ileile, na baadhi ya watakaosubiri watapata kiharusi au watapoteza mguu kwa kisukari. Naona bado inalipa, kwa sababu ufuatiliaji huohuo unakamata upungufu wa damu, sukari inayoshuka na uzito unaorudi, si huzuni peke yake.

Aliyekwisha kufanyiwa na sasa yuko mwaka wa pili au wa tatu hana haja ya kusubiri hospitali zibadilike. Aende kituo kilicho karibu, ataje aina ya upasuaji aliofanyiwa na mwaka wake, aombe kupimwa damu, B12 na madini ya chuma, aonyeshe kila dawa anayomeza, na aeleze pombe anayokunywa bila kupunguza hesabu. Ikiwa mawazo ya kujidhuru yamekwisha kuja, amwambie mtu wa nyumbani leo na wafuatane hospitalini, hata kama mtu huyo alikuwa hajui kwamba upasuaji ulifanyika.